Mi Njo Nitabapiga Foto

Kolwezi, 14 Aprili 1993

Tata Laure,

Naandika vile nasemaka, usitafute Kiswahili ya bapadri humu ndani. Tangu treni yenu iliondoka, mi sijasikia kitu. Bamoja banasema mulifika Mwene-Ditu, bengine banasema muliachwa njiani. Barua hii nampa mama Kabedi, ule anauzishaka bunga ya Lubudi. Jina yake inamusaidia: Bakasai banafikiri ye ni wa kwabo, batu ya hapa Katanga banafikiri ni wa kwabo, na ye hasemake kitu, anapita tu. Kama uko muzima, umupe jibu.

Mama yangu angali kitandani vile ulimuacha. Kila asubui ananiuliza, "Bwana yako iko wapi?" Nikimuambia balikufukuza juu uko Mukasai, anashangaa upya: "Lakini ye njo alininunulia hii bulangeti." Juu yake njo nilibaki, unajua. Na Laure balimuhesabu pamoja na wewe juu eko mutoto yako, hata kama mi mutoto ya Kolwezi njo nilimuzaa.

Studio haiko tena. Balivunja mulango, balibeba biti yote. Ile pazia yako yenye kuchorwa bustani, niliona mama moja ameitandika chini anaanikia mahindi. Lakini kamera, mashine ya kukuzia foto, makaratasi na dawa, yaya Banza alibitoa kabla bale bijana benye kufukuza Bakasai bafike, akabiweka chini ya kitanda yake. Sasa anasema nibiuzishe. "Unalinda bitu ya mutu mwenye hatarudia." Ni ndugu yangu mukubwa, lakini sijauzisha kitu.

Sasa sikia. Juzi Joyeuse Mwenze na Jeancy balikuja, na benzao ba darasa ya Laure, bale babakia. Balisimama ku mulango kama batu banakuja ku kilio. Joyeuse akasema, "Mama Laure, mutihani ya Leta ya kumaliza masomo iko karibu. Kila mwaka Tata Badibanga njo alipigaka foto ya bafinalisti. Mwaka hii nani atatupiga?"

Nikajibu, "Mi njo nitabapiga foto."

Hata mi nilishangaa kusikia sauti yangu. Miaka yote mi nilisafishaka foto mu maji na kuzianika, kamera sikuishika. Lakini nilisema, na balishasikia.

Nilijaribu na Jeancy nyuma ya nyumba ya Banza, saa sita, juu nilifikiri jua mingi ni muzuri. Uso yake ilitoka nyeusi kama chini ya sufuria, ukuta nyuma yake inang'aa. Mu ingine nilimukata kichwa. Banza alicheka mpaka akakaa chini.

Usiniambie niache. Niambie namna ya kufanya. Na Laure aandike jina yake kwa mukono yake, mi nione.

Bibi yako,
Huguette


Mwene-Ditu, 2 Mei 1993

Mama Laure,

Tuko wazima. Laure ndiye anayeandika barua hii yote, kwa hiyo jina lake umeliona mara nyingi. Mkono wangu wa kuume uliumia tulipokuwa tunapandisha mizigo, vidole havishiki kalamu. Utapona.

Tumepata nafasi kwa dada yangu Mbuyi, nyuma ya nyumba yake. Wengine wengi waliotoka kwenu huko wanalala katika madarasa ya shule. Chakula si kingi, lakini hatulali njaa. Zaidi ya hapo hakuna la kusema.

Tuongee kazi. Ulimpiga Jeancy saa sita mchana! Miaka yote umeishi na mpiga picha, na bado saa sita! Jua likiwa juu ya kichwa, macho yanakuwa mashimo mawili. Piga asubuhi, ao jioni jua likishuka. Mtu alipe jua mgongo, asilitazame. Mbele yake, mtu mwingine ashike shuka nyeupe, nuru iruke kutoka kwenye shuka iende usoni. Shuka ileile ya kitanda inatosha. Kama hakuna jua la namna hiyo, mweke kivulini, kando ya ukuta, uso wake uelekee mahali peupe.

Pete ya lenzi: juani weka 16, kivulini weka 5,6. Ukisita, fungua kidogo zaidi.

Kabla ya kutazama uso, tazama nyuma ya mtu. Wanaoanza huona uso tu, halafu mti unaota kichwani mwa mtoto wa watu. Msogelee. Shikilia pumzi ndipo ubonyeze. Na usiseme "cheka". Mwambie akuelezee jambo, ungoje uso wake ufike mahali pake.

Filimu zilizobaki ni chache. Usipige kama mtu anayefukuza nzi.

Mwambie Banza nimeshukuru. Msalimie mama sana. Akipata nguvu, njoo.

Bwana yako,
Badibanga

Mama, ni mi Laure. Umwambie Joyeuse nimemwonea wivu. Mtihani sijui kama nitaufanya huku.


Kolwezi, 16 Mei 1993

Tata Laure,

Imetoka! Foto inatoka!

Barua yako niliisoma mpaka ikalainika. Nikachukua shuka nyeupe ya kitanda yetu, Jeancy akaishika upande moja, Joyeuse upande ingine, bakabadilishana. Ile shuka inarudisha nuru kweli, ni kama mutu amefungua dirisha mbele ya uso yabo. Niliita Banza aje kuangalia mu kamera. Hakucheka tena. Alisema tu, "Ah," akaenda.

Lakini nyuma ya mutu, kama ulisema, ni shida. Mu kartié yetu kila upande nageuka ni nyumba bila mabati, nyumba ya benye balienda. Joyeuse alisema, "Mama Laure, usionyeshe ile nyuma. Ni kwa mama Kanku." Kweli ni kwa mama Kanku, alitunyoaka sisi wote, na sasa ni kuta tu. Tukaacha. Tulienda Mutoshi na baiskeli, kwenye mawe ya karibu na shimo ya zamani ya kuchimbia shaba. Mawe kule iko na rangi ya majani, na majani yenyewe ni marefu. Mu foto haionyeshe rangi, lakini batoto balisimama kama batu benye kusimama kwabo.

Kule njo bale bijana balitukuta. Mukubwa yabo ni Kisimba, ule alisomaka na Laure mpaka mwaka wa ine. Akasema, "Hii kamera ni ya Mukasai."

Nikasema, "Ni ya bwana yangu."

"Bwana yako hayuko."

"Mi niko. Unataka kuipasua, ipasue. Batoto hawa bataeleza bamama yabo nani alipasua foto yabo."

Joyeuse akaweka mukono ku kiuno. "Kisimba, we ulitukopiaka matematiki mwaka muzima. Leo unatuletea vita?"

Benzake bakaanza kucheka. Akatuangalia sana. Mwisho akauliza, pole pole, "Na mi unaweza kunipiga?"

Tata Laure, nilimupiga. Wakati wa kutoa foto yake, nilisimama mbele ya mashine nikawaza: nikiacha taa kidogo zaidi, uso yake itatoka nyeusi, na hakuna mutu atajua. Nilimupa nuru sawa na bengine. Sijui kama nilifanya muzuri. Tangu ile siku hakuna mwenye anatugusa.

Mama amepumzika tangu wiki ilipita. Maumivu imeisha. Usiulize mingi juu yake.

Natuma foto mbili uone. Unifundishe namna ya kuzitengeneza, juu iko na matone nyeupe, na uso ya bamoja ni nzito kuliko mashati.

Huguette


Mwene-Ditu, 30 Mei 1993

Mama Laure,

Nimefurahi sana kwa mama. Apumzike, ale vizuri. Laure alicheza uwanjani aliposoma sehemu hiyo. Dada Mbuyi ameomba watu wa sala wamkumbuke kila Jumatano mpaka asimame kabisa.

Foto zako ni nzuri. Mwanga unakaa mahali pake.

Matone meupe ni vumbi. Futa negativu kwa brashi laini kabla ya kuiweka mashineni. Tone likibaki kwenye karatasi, chukua brashi yenye nywele chache, wino mweusi uliopunguzwa kwa maji, gusa tu, usipake. Gusa na ungoje. Anayeharakisha anaweka doa jeusi mahali pa doa jeupe.

Uso ukiwa mzito kuliko shati: wakati taa ya mashine inashuka juu ya karatasi, weka kiganja chako katikati, juu ya kivuli cha uso, ukitikisetikise. Uso utapata nuru kidogo, utatoka mweupe zaidi. Usiache kiganja kitulie, kitaacha alama kama kofia.

Mtu akiwa na alama mwilini, usiifute bila yeye mwenyewe kukuomba. Nasema hasa Joyeuse, na lile kovu la shavuni. Anaweza kuwa anajificha kwalo ao anajivunia, wewe hujui.

Kwa Kisimba ulifanya kazi. Mpiga foto akianza kuhukumu watu kwa taa, atamaliza na nani?

Mama akiweza kubaki na Banza, njoo kabla ya masika. Kama hawezi, tutangoja.

Badibanga


Kolwezi, 13 Juni 1993

Tata Laure,

Sasa nasikia kazi mu mikono. Ile ya kiganja nilikosea mara mbili, Jeancy akatoka na kofia kama padri mukubwa, lakini sasa uso zote zinatoka kama zinaoshwa. Wino nayo nimejua. Mama ya mutoto moja aliangalia foto akalia, akasema mutoto yake hakuonekanaka vile tangu azaliwe. Bananilipa na bunga, na maharage, na mmoja alileta kuku yenye hasira sana.

Bafinalisti bote nimebapiga. Darasa ya Laure, na ya shule ya ng'ambo ya reli nao bakaja. Banza anashikaka shuka yeye mwenyewe sasa, na anagombeza batoto, "Simama muzuri, usiaibishe dada yangu!"

Filimu inaisha, lakini mama Kabedi ananitafutia ingine Likasi.

Nimekutumia foto moja yenye kosa. Ni ya Joyeuse. Mama yake aliirudisha na kelele mpaka bajirani balitoka. Mi nilikaa nayo, niliangalia, niliangalia, mpaka nikaelewa kosa ni nini. Ni kosa kubwa ya mutu mwenye anaanza. Sitakuambia. Tafuta mwenyewe, na ujue kama mwanafunzi yako amekomaa. Najua utanigombeza, na nangoja kugombezwa.

Huguette


Mwene-Ditu, 27 Juni 1993

Mama Laure,

Foto ya Joyeuse imefika. Sioni kosa kubwa. Ukingo wa kuume umekolea kidogo, labda taa haikuwa katikati. Mama yake hana sababu ya kupiga kelele. Mwanga ni laini, na mtoto amesimama vizuri. Ni foto ninayoweza kuweka jina langu chini yake.

Sasa lingine.

Mama Kabedi alipoleta barua, Dada Mbuyi alimuuliza habari za mama mkwe wangu, kwamba amefika wapi katika kupona. Mama Kabedi akamshangaa. Akasema, "Lakini tulimuzika mwezi wa tano. Mi nilikuwa pale."

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilisikia.

Huguette, mwezi mzima watu wa nyumba hii wamemwombea marehemu asimame. Mama yule aliniita mwanawe siku baba yako alikuwa bado ananiita mgeni. Sikumlilia. Nilikuwa nafurahi wakati wenzangu walikuwa wameshamrushia udongo. Ulisema amepumzika, nami mpumbavu nikaona kitanda na mto.

Kwa nini? Kama hutaki kuja, sema hutaki kuja. Watu wengi huko wameshaachana kwa sababu ya vita hii, hutakuwa wa kwanza. Lakini usinifanye mtu wa nje kwa kifo cha nyumbani kwangu.

Badibanga


Kolwezi, 5 Julai 1993

Tata Laure,

Uko na haki. Niliandika "amepumzika" juu mukono yangu ilikataa ile neno ingine. Nilifikiri utaelewa. Wakati ulijibu kwa furaha, ningeweza kukuambia, na sikukuambia. Hii ni yangu, naibeba.

Nakuambia sababu. Mama akiwa hayuko, mi niko na sababu gani ya kubaki? Utasema njoo. Na mi niliogopa. Bajomba balikaa hapa kisha maziko, bakasema niache kukuandikia, niko mutoto ya hapa, nitapata bwana mwingine. Hiyo haikuniogopesha, nilibapa chai na nikatoka. Kitu inaniogopesha ni kwenu. Dada yako Mbuyi alijenga nyumba Kolwezi kwa jasho yake, na ni batu ya kwetu balimutoa, kabla ya kubatoa ninyi. Nitaingia mu uwanja yake na uso gani? Nitamusalimia na Kiswahili hii ya bale balimutupia mawe? Nikasema nimalize kwanza foto ya bafinalisti. Nikazimaliza. Nikatafuta ingine.

Sasa mi nakuuliza.

Joyeuse eko na kovu ku shavu ya kushoto. Unaijua kuliko mama yake, juu mafuta ilimuchoma kwetu, mu kuniko yetu ya kupikia, eko mutoto mudogo, na we njo ulimufunga kitambaa ukamubeba mbio mpaka hospitali. Mu ile foto nilikutumia, kovu iko kuume. Niliweka negativu mugongo mbele mu mashine, yote ikageuka, saa yake ikahamia mukono ingine, vifungo vyake vyote upande mubaya. Mama yake aliona mara moja, akasema, "Huyu si mutoto yangu!"

Wewe ulinigombeza juu ya unywele moja ku bega. Mwaka moja ulikataa foto ya bibi-arusi juu ya nzi. Na hii unasema utaweka jina yako chini.

Na barua zote ni mukono ya Laure. Vidole gani inakataa kupona tangu mwezi wa tatu?

Laure, mutoto yangu, najua we njo unasoma barua hii kwa sauti. Usiruke mustari hata moja. Somea baba yako yote. Kisha ujibu wewe, si yeye: baba yako anaona?

Huguette


Mwene-Ditu, 18 Julai 1993

Mama yangu,

Nilisoma yote. Nilipofika kwenye jina langu nilisimama, Papa akasema, "Endelea, mbona umenyamaza?" Nikaendelea mpaka neno la mwisho. Alitoka nje, akashika ukuta, akakaa kwenye jua.

Haoni, Mama. Treni ilipotoka Kolwezi tulikuwa kwenye behewa lisilo na paa. Kabla ya usiku watu fulani walitutupia mawe kutoka juu ya tuta. Papa alinifunika, jiwe likamwingia jicho la kushoto. Hapa muuguzi alisafisha tu, dawa hakuna. Kisha la kuume nalo likaanza kuuma na kufunga ukungu, bila kuguswa na kitu. Ulipotuma foto za kwanza alikuwa anaona vivuli. Ulipotuma ya Joyeuse hakuona kitu.

Mi njo niliangalia zile foto. Aliniuliza, "Mwanga uko wapi? Nyuma kuna nini? Macho yanang'aa?" Nilimweleza nilivyoweza. Nilikaa na Joyeuse benchi moja miaka sita, na sikuona kovu limehama. Nisamehe.

Alinikataza kukuambia. Alisema ungeacha mama mgonjwa uje kuuguza kipofu, na ungekuja kwa huruma, na yeye huruma yako haitaki, anataka wewe.

Mkono wake hauna kitu, ni mzima.

Mtihani hapa nilikataliwa, walisema nirudi mwaka ujao. Nitarudi. Wafinalisti wengine kutoka Kolwezi na Likasi wako hapa, tunajifundisha wenyewe darasani wanakolala watu, asubuhi wakishatoka kwenda shambani.

Mi sikuambii uje. Lakini nimechoka kuwa macho ya Papa, na mi sina macho kama yako.

Papa anaomba niongeze hii: "Huguette, sasa umejua. Fanya unavyotaka, sitakulaumu. Ile negativu igeuze, upande unaong'aa uangalie taa."

Laure


Kolwezi, 28 Julai 1993

Tata Laure,

Negativu nilishaigeuza. Joyeuse alipata foto yake nzuri, na mama yake aliniletea samaki.

Nakuja. Sikuombi ruhusa, nakujulisha. Mama Kabedi anasafiri kisha wiki ya kwanza ya mwezi wa munane, na mi nafuatana naye. Naleta kamera, mashine, makaratasi, dawa, na filimu ya Likasi.

Unasema hutaki huruma. Nilikulilia siku moja, imeisha. Mi niko mupiga-foto sasa, na kama Laure anasema ukweli, kule kuko darasa nzima ya bafinalisti hawana foto. Niko na kazi kwenu, hata kama usingekuwa kule.

Banza nilishamuambia. Kisha akaenda kutafuta mbao, na tangu jana anatengeneza sanduku ya ile mashine, anaipiga misumari kama mutu mwenye kukasirika. Nilimuuliza kama amekasirika. Akasema, "Leta bulangeti ya mama, tuifungie kioo. Njia ni mubaya."

Laure aje ku gare ya treni. We baki kwa dada yako, usije kugongwa na batu.

Huguette


Mwene-Ditu, 22 Agosti 1993

Yaya Banza,

Nilifika. Sanduku yako haikupasuka hata upande moja, hata wakati balitushusha bote njiani na kuangalia mizigo. Askari mmoja aliuliza nini iko ndani. Mama Kabedi akamujibu, "Ni mashine ya kushonea ya marehemu mama yake," na ye akatuacha. Sijui alitoa wapi ile uongo kwa haraka vile.

Nilikataza bwana yangu kuja ku gare. Alikuja. Nilimuona kabla anisikie, amesimama na Laure, shati yake ya kazi, miwani nyeusi, amekonda sana. Batu banamupita huku na huku, na ye anageuza kichwa kwa kila mukokoteni. Nilifikiri nitakuwa na nguvu. Yaya, sikuwa nayo. Nikasema tu, "Tata Laure, nilikuambia ubaki nyumbani." Akasema, "Na wewe lini ulinisikia?" Akashika sanduku kabla anishike mi, akaipapasa kona zote, akauliza nani aliitengeneza. Nikamuambia ni wewe. Akasema misumari ni mingi sana. Kisha akaweka uso yake ku bega yangu, pale mbele ya batu.

Mbuyi hakutoka kunisalimia. Siku tatu za kwanza aliniletea chakula, akaweka chini, akaenda. Siku ya ine nilimukuta anafua, nikakaa karibu yake nikaanza kufua na mi. Nikamuambia, "Yaya Mbuyi, nyumba yako niliona balitoa mabati. Sikuweza kubazuia. Nilisimama tu nikaangalia." Alifua shati mpaka mwisho. Halafu akasema, "Na mulimao yangu?" Nikamuambia mulimao ingali, inazaa. Akalia, na mi nikalia. Sasa ananiongelesha. Si mingi, na kuna siku anakasirika na kila kitu kinatoka Katanga, hata chumvi. Naelewa.

Kazi ilianza haraka kuliko nilifikiri. Bafinalisti balikuja siku ileile Laure alibaambia. Hawana uniforme, banaazimana shati mbili nyeupe, moja ya bavulana, moja ya basichana, anatoka huyu anavaa ule. Tunapigia nje, ku mwisho ya uwanja ya shule, pale kuko nyasi tu nyuma na hakuna mutu atasema hii ni Kasai ao ni Katanga.

Sasa nikuambie kitu utafurahi. Kule Kolwezi sikukuambia, juu ungenicheka: filimu nyingi niliharibu si mu kamera, ni wakati wa kuitoa. Lazima uifungulie mu giza kabisa, hata balbu nyekundu hapana, na uizungushe ku ringi yake, kile kigurudumu ya kuishikilia, bila kuigusisha yenyewe kwa yenyewe. Mi ninajikwaa, inakwama, inapasuka. Siku ya kwanza hapa tulifunika chumba na mabulangeti, nikaanza kuhangaika, natoa jasho, natukana. Bwana yangu alikuwa amekaa pale. Akasema, "Nipe." Nikampa. Nilisikia filimu inaingia, krr, krr, bila kusimama. Akauliza, "Taa imezimwa?" Nikamuambia imezimwa. Akasema, "Basi humu gizani tuko sawa." Na akacheka, Yaya. Tangu nifike njo mara ya kwanza. Sasa kazi yote ya giza ni yake. Dawa anapima kwa kidole na kwa harufu, saa anahesabu mu kichwa. Mi niko na kazi ya jua.

Bado kuna siku anageukia ukuta hataki kuongea. Sikufichi. Muuguzi alisema hataona tena, na ye anajua.

Jana nilimupiga Laure. Nilimuacha wa mwisho juu niliogopa kumuharibu. Alivaa ile shati nyeupe, ni kubwa, tukaibana nyuma na vibanio vya nguo vya Mbuyi. Jua ilikuwa inashuka. Alianza kufanya uso ya kuringa, nikangoja. Akasema, "Mama, mwaka ujao nitafanya ule mtihani, hata wakinikataa nitakaa mlangoni." Nikabonyeza pale.

Wakati foto ilianza kutoka mu maji, baba yake alikuwa amesimama karibu yangu. Akauliza, "Ametoka?"

"Anatoka."

"Yukoje?"

Nilitaka kumuambia ni muzuri. Lakini foto ya Joyeuse ilishamudanganya mutu huyu, ikatosha. Nikamuambia ukweli: eko mwembamba, mifupa ya shingo inaonekana. Shati ni kubwa. Amekunja uso kidogo juu ya jua. Anaangalia mbele kama mutu mwenye anabishana, na hajamaliza.

Akasema, "Basi ni yeye."

Akanipokonya foto, akaitia mu maji ya mwisho na mikono yake.

Usalimie Joyeuse na Jeancy. Bulangeti ya mama nimebaki nayo.

Dada yako,
Huguette